Pingu Zinabaki Mlangoni

Niwavunje moyo mapema, tusipotezeane muda: katika miaka yangu yote ya kusindikiza mahabusu hapa Stockholm, sikuwahi kumkimbiza mtu hata mmoja. Najua ndicho mlichotaka kusikia. Kila nikikaa na nyinyi vijana kanisani kwetu Spånga baada ya ibada, swali ni lile lile. "Papa Elia, walikupiga? Ulikuwa na bastola?" Bastola ya wapi! Nilikuwa na funguo, redio ya mkononi, na mkate wa jibini kwa ajili ya mtu aliyeshindwa kula asubuhi kwa woga. Kazi yangu ilikuwa kumtoa mtu mahabusu, kumpakia garini, na kumfikisha mbele ya hakimu akiwa mzima na amevaa vizuri. Jioni namrudisha. Basi. Mkitaka za kufukuzana fungueni simu zenu.

Ila wawili kati yenu mmenong'ona kwamba mnataka kuomba kazi hiyo hiyo, na mama zenu wamenipigia simu wakilalamika utadhani mmejiunga na majambazi. "Mtoto wangu amesoma, Papa Elia, sasa anataka kufunga watu!" Mama mzazi, hafungi mtu. Anayefunga ni mwingine kabisa, na hiyo ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuwaeleza.

Nianze na ujinga wangu, maana najua utawafurahisha. Wiki yangu ya kwanza nilitumwa chumbani kwa mzee mmoja wa Kifini, mwizi wa muda mrefu, ndevu nyeupe, adabu nyingi. Nikaingia, nikamsaidia kuvaa viatu. Tukafika mlangoni. Sasa niambieni, mtu aliyelelewa Uvira, kwetu Kongo, atamtangulia mzee wa ndevu nyeupe mlangoni? Nikajibana ukutani, nikamwonyesha kwa mkono: pita, mzee. Mzee akapita. Naye kwa adabu zake akaufunga mlango nyuma yake. Milango ile, mlango ukishafungwa, kwa ndani hakuna kitasa.

Nikabaki mle ndani na funguo zangu zisizo na pa kuingia. Yule mzee, Mungu ambariki, hakwenda popote. Alibonyeza kengele ya ukutani akasema, "Njooni mumtoe mlinzi wenu, amejifungia."

Aliyekuja kunitoa alikuwa Gunvor. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, Mswidi wa kutoka kaskazini kabisa, mfupi, mpana, sauti ya kuita ng'ombe. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanifuta vumbi begani na kuniambia, "Elia, heshima yako ni nzuri. Usiiache. Lakini ioneshe ukiwa upande wa nje." Kwa miezi mingi, kila tukifika mlango wowote, hata wa mkahawa, ananipisha na kuinamisha kichwa: pita, mzee.

Gunvor hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini mambo yake ukiyajua, kazi umeijua. Mtu mwenye pingu hawezi kujifunga mkanda wa gari, kwa hiyo utamfunga wewe. Basi kabla hujamwinamia, mwambie: nakufunga mkanda sasa. Mtu aliyekamatwa ameguswa sana bila kuambiwa. Usimwulize alifanya nini. Usimfariji pia, kwa sababu ukimfariji leo kesho atasubiri tena, na kesho huenda si wewe. Mpe maji. Mwonyeshe choo kabla hajaomba. Na shati! Kwenye chumba chetu cha kusubiri alikuwa na pasi yake mwenyewe, aliyoileta kutoka nyumbani. Mtu akishuka na shati lililojikunja, Gunvor anamwambia livue, analipiga pasi juu ya meza tunayolia chakula. Wengine walikuwa wauaji. Wengine walikuwa wameiba manukato dukani. Pasi ilikuwa ile ile.

Na jambo la mwisho ni lile la mlango wa ukumbi. Kabla mtu hajaingia kwa hakimu, unasimama, unamfungua pingu, unazitia mfukoni. Anaingia mikono huru. Siku ya kwanza nilimwuliza Gunvor, na akitutoroka je? Akasema, "Basi tutamshika, tuko wawili. Lakini hakimu hajasema ana hatia, kwa hiyo hakimu asimwone na pingu. Pingu zinabaki mlangoni."

Nilikwenda chooni, nikalia. Aibu ya nini, nasema ukweli. Nililia kwa sababu ya kaka yangu.

Kaka yangu Simeoni alikuwa karani wa ghala la mahindi. Hajawahi kushika bunduki. Hata kuku wa sikukuu alichinjwa na mke wake. Vita vilipopita kwetu, wanajeshi walimkamata, wakasema ghala lake liliwalisha waasi, kwa hiyo naye ni mwasi, na mwasi ni adui, na adui anahukumiwa na wanajeshi. Raia kabisa, mwenye kadi yake ya kupigia kura! Walipanga madawati kwenye darasa la shule ya msingi. Nilisimama dirishani na ndugu wengine. Kapteni aliyemkamata ndiye aliyeketi katikati kama hakimu. Askari aliyekuwa anamlinda ndiye aliyeitwa shahidi. Akamaliza ushahidi, akarudi kushika kamba aliyofungwa nayo kaka. Simeoni aliomba maji, kapteni akasema maji ni ya baadaye. Kesi ilianza baada ya chakula cha mchana, na jua lilikuwa bado kali walipomtoa.

Hatukumwona tena. Nilipomfuata yule kapteni kumwuliza tu mwili uko wapi, tumzike, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kesi imefungwa," akasema. Kwake nilikuwa nasumbua ofisi.

Ndiyo maana zile pingu za mlangoni, na pasi ya Gunvor, zilinitoa machozi. Mtu ambaye hata hamjui mshtakiwa anamnyooshea kola.

Sasa Faustin. Mtasikia watu wazima wakilitaja jina hili kwa sauti ya chini, kwa hiyo afadhali mlisikie kwangu. Na mjue, ya garini yanabaki garini, niliapa na sitayasema. Haya ninayoyasimulia yalitokea ukumbini, milango wazi, yeyote angeweza kuingia akakaa.

Faustin alikuwa mtu wa kwetu, mlima wa pili tu kutoka kwa akina Mama Ester. Alikuja hapa kama sisi sote, akajifunza lugha, akapata uraia, akakaa Tumba, akawa fundi wa lifti. Mtu mtaratibu. Alikuwa anapiga gitaa kwenye harusi zetu. Halafu asubuhi moja polisi wakamchukua, na tukasikia kwamba kabla ya kuja huku alikuwa mpiganaji wa kundi lenye silaha, na si mpiganaji wa chini. Kundi hilo liliwahi kuingia kijiji kimoja na kuondoka na wanaume. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Yohana, mume wa Mama Ester.

Mama Ester mnamjua nyote. Ndiye anayewapiga kibao cha mgongoni mkichelewa kwaya. Lakini hamkumjua wakati ule. Alikuwa amecheza kwenye harusi kwa gitaa la mtu yule, mnanielewa? Alipopata habari alikaa ndani kwake Hagsätra hata simu hashiki.

Kanisani palichafuka. Jumapili baada ya ibada, chai mezani, mandazi yanapoa, watu wanagombana. Mzee mmoja wa kwaya akasimama akasema nchi hii inacheza: mtu aliyebeba bunduki ahukumiwe na wenye bunduki. Wamnyang'anye pasipoti, wampeleke nyumbani, jeshi lina mahakama yake, limalizane naye. Wengi walipiga meza kukubali. Mkongo mwenzangu mmoja akaongeza kwa Kifaransa ili iume zaidi.

Nikasema, huyu ni raia wa hapa, kama mimi, kama wewe. Akikosa, ahukumiwe pale tunapohukumiwa sisi. Binti yangu Neema, mikono kwenye povu la vyombo, akadakia kwa Kiswidi kama kawaida yenu: "Men han är ju svensk." Lakini yeye ni Mswidi, ndivyo alivyosema, kana kwamba ni jambo dogo tu.

Mama Ester alikuwa amekuja siku hiyo. Hakupiga kelele. "Uraia ni karatasi, mwanangu," akamwambia Neema. "Mwalimu Yohana alikuwa raia pia. Walimwuliza karatasi?" Kisha akanigeukia mimi, maana alishasikia ni mimi na Gunvor tunaomsindikiza Faustin. "Na wewe, dereva wa adui. Asubuhi unamfunga mkanda asiumie, ndiyo?"

Niliiweka chai chini nikaenda kusimama nje. Angekuwa mjinga ningemjibu. Lakini Mama Ester si mjinga, na aliloliuliza lilikuwa swali zito. Mtu aliyewachukua watu bila kuwauliza chochote, kwa nini apewe wakili, na mkalimani, na glasi ya maji? Mataifa makubwa kuliko haya yamebishana juu ya hilo: raia akishaitwa adui wa vita, abaki wa mahakama ya wote au apelekwe kwa wanajeshi? Wanasheria wanalijibu kwa vitabu. Mimi nilikuwa na dirisha la darasa tu.

Nilifanya lile ambalo nyinyi pia mtatakiwa kufanya: nilimwendea bosi nikamweleza kwamba mlalamikaji ni mwenzangu wa kanisani. Wakaulizwa wakili na Faustin mwenyewe, wakasema hawana neno. Bosi akaweka sharti moja. Tukiwa na Faustin, mimi na Gunvor tuseme Kiswidi tu, ili kila linalosemwa tulisikie wote wawili. Sharti la haki. Kwa hiyo kila asubuhi nilimwambia god morgon, habari ya asubuhi ya Kiswidi, mtu wa kutoka mlima ninaouona nikifumba macho.

Kesi ilipoanza, Mama Ester alikuja siku ya ufunguzi, akakaa saa chache, akatoka akiwa na hasira kuliko alivyoingia. Mnajua majaji wa hapa hawavai joho wala kofia. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye sweta ya kijani. Pembeni yake wazee wa baraza, watu wa kawaida waliochaguliwa, mmoja na miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Wakati wa mapumziko niliisikia sauti ya Mama Ester korido nzima. "Hii ndiyo tribunali? Huu ni mkutano wa wazazi shuleni! Hata koti hawana! Na yule wamemwekea maji!"

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yake kuzungumza. Siku tatu kabla yake alimwambia mchungaji haendi. Mwendesha mashtaka alikuwa amemweleza wazi kwamba mashahidi wengine waliona moshi na kusikia milio, lakini aliyeona sura mlangoni kwake ni yeye peke yake. Asipokuja, mashtaka ya Mwalimu Yohana yangeanguka. Akasema yaanguke. Hatamwaga kifo cha mumewe mbele ya watu wa sweta.

Nilipanda treni mpaka Hagsätra. Aliponifungulia mlango hakuniambia ingia, kwa hiyo nilisimama kizingitini na kofia mkononi.

"Mama Ester, sikuja kuongea kesi. Ya kesi siruhusiwi. Nimekuja kukwambia habari ya kaka yangu."

"Kaka yako yupi?"

Alikuwa hajui. Miaka yote ile ya chai na mandazi, sikuwahi kumtaja Simeoni kwa mtu. Nikamweleza darasa, kapteni, maji ya baadaye. Nikamweleza kesi ilivyofungwa kabla ya jua kushuka. "Ilikuwa mahakama ya wanajeshi," nikasema, "ya sare na kofia, haraka, kama mnavyoitaka. Na mpaka leo sijui kaka yangu amelazwa wapi."

Akashika kitasa. Kisha akasema, "Nenda nyumbani, Papa Elia, kunapoa," akafunga mlango. Sikujua amekasirika au la. Nilirudi na treni ile ile nikijilaumu kwa kwenda.

Siku yake ilipofika, alikuja. Alivaa kitenge cha bluu cha mazishi, kilemba kimefungwa vizuri, mkoba kifuani. Sisi tulikuwa tumeshaketi, Faustin kati yangu na Gunvor, shati limepigwa pasi. Alikuwa hajasema neno kwa polisi tangu akamatwe, na wakili wake alishatangaza kwamba hata ukumbini hatajibu maswali.

Mwenyekiti akamwonyesha Mama Ester kiti chake kando ya mwendesha mashtaka. Hakuketi. Akaenda mbele mpaka mezani kwa majaji akanyoosha mkono.

"Jambo, Mama."

Nyinyi watoto wa Kenya na Tanzania huwa mnacheka mkisikia jambo, mnasema ni la watalii. Kwetu ni salamu kamili, na mtu haingii kwenye nyumba ya watu akaanza kuongea shida zake kabla hajawasalimu waliomo. Nilielewa mara moja anachofanya. Mkalimani, kijana wa watu, akatafsiri. Mwenyekiti alitazama saa, akamtazama Mama Ester, akasimama akampa mkono. Mama Ester akasogea kwa wazee wa baraza, mmoja mmoja. Jambo, Papa. Jambo, Mama. Yule wa miwani ya uzi aliinuka haraka mpaka miwani ikagonga meza. Akamsalimu karani. Akamsalimu mwendesha mashtaka, mkalimani, wakili wa Faustin. Hakuna aliyemzuia. Akaja upande wetu. "Jambo, Mama," kwa Gunvor, naye Gunvor akajibu "jambo" kwa lafudhi ya kaskazini. "Jambo, Papa Elia."

Kisha akasimama mbele ya Faustin.

Sheria ya kazi iko wazi: mlalamikaji asimkaribie mshtakiwa. Niliinuka nusu. Gunvor akanishika mkono wa shati, taratibu, bila kunitazama, macho yake kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa ameinua kalamu kama mtu anayetaka kukatiza. Akaishusha.

"Jambo, Faustin," akasema Mama Ester.

Faustin aliangalia sakafu. Mama Ester hakuondoka. Kwetu salamu haiachwi hewani, na yeye alikuwa anaingoja yake pale pale, mkoba kifuani.

"Jambo, Faustin. Mimi ni mke wa Mwalimu Yohana."

Mtu yule alisimama. Magoti yake yaligonga meza, ile glasi ya maji ikamwagika. "Jambo, Mama," akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto aliyeitwa na mama wa jirani.

Mama Ester akaitikia kwa kichwa, akaenda kuketi. Mwenyekiti akasema, kwa upole na bila dhihaka yoyote, "Sasa sote tumesalimiana. Tuanze." Nimeona mahakimu wengi wenye akili, lakini huyo wa sweta ya kijani ndiye ninayemvulia kofia mpaka leo. Angeweza kupiga meza. Kapteni wangu angempiga mtu.

Mama Ester alizungumza mpaka mchana. Alieleza mlango, taa ya chemli, nani alisimama wapi. Wakili wa Faustin alimwuliza maswali magumu, kwa heshima, kwamba ilikuwa giza, kwamba ni zamani. Akamjibu kila moja. Mwisho mwendesha mashtaka akamwuliza kama kuna kitu anataka kuongeza. "Ndiyo," akasema. "Mimi sikuja kuomba auawe. Nataka kujua walimweka wapi."

Zamu ya mshtakiwa ilifuata. Wakili alikuwa ameshafungua mdomo kusema mteja wake hana la kusema, Faustin akamgusa begani. Wakaomba mapumziko. Waliporudi, alisema.

"Tangu nikamatwe nimepewa chakula, daktari, wakili," akaanza. "Hakuna aliyenisalimu kwa lugha ya kwetu. Na wa kwanza kunisalimu ni huyu." Kisha akasema alikuwepo. Amri ya kuua alikana, akasema ilitoka juu yake, na hilo alilishikilia mpaka mwisho. Lakini alikuwepo, aliwafunga kamba kwa mikono yake, na anajua walipozikwa: nyuma ya mtambo wa zamani wa kuoshea kahawa, kando ya mfereji, chini ya mparachichi. Aliomba karatasi akachora. Aliukosea mfereji, akaomba karatasi nyingine, akachora upya.

Mama Ester hakulia. Alinyoosha shingo aone mchoro.

Hukumu ilitoka baadaye, kurasa nyingi. Alihukumiwa kwa yale yaliyothibitika, akapewa miaka mingi ya kifungo. Shtaka la kutoa amri halikuthibitika, na mahakama ikasema hivyo wazi wazi. Kanisani walinung'unika tena: kumbe wamempunguzia! Mimi sikusema kitu. Nilimrudisha mahabusu siku ile kama siku zote, nikamwambia nakufunga mkanda sasa.

Ndugu wa Mama Ester walikwenda na mchoro ule. Walichimba wakawakuta wanaume wote, na Mwalimu Yohana akajulikana kwa kalamu ya chuma aliyokuwa anaichomeka soksini ili watoto wasimwibie. Wakamzika kwa jeneza, kwa nyimbo. Sisi tulikusanyika Hagsätra, sebule imejaa mpaka kwenye ngazi, tukitazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Gunvor alikuja na keki aliyooka mwenyewe, ngumu ajabu, tukaila yote.

Baada ya jeneza kushuka, yule mzee wa kwaya alishindwa kujizuia. Akasema ni vizuri, lakini jeshi lingemmaliza mtu yule siku moja tu.

Mama Ester alikuwa anamimina chai. Hakuacha kumimina. "Ni kweli, Papa," akasema. "Tribunali ya wanajeshi ingenipa maiti ya Faustin. Mimi nilikuwa natafuta ya Yohana."

Mzee akamnyooshea kikombe chake kwa mikono miwili, na mimi namheshimu kwa hilo.

Kisha Mama Ester akaja akaketi karibu yangu. "Na wewe? Yule kapteni wako hawezi kuulizwa?"

"Alikufa, Mama. Na yule askari, na wote waliokuwa darasani. Hakuna aliyebaki wa kumwuliza."

Hakunipa pole. Aliinuka akaenda kumnong'oneza mchungaji aliyekuwa anajiandaa kwa sala ya kufunga. Kwa hiyo wanangu, mama zenu wakiuliza tena ni kazi gani hiyo ya kufunga watu, waambieni: ni kumfikisha mtu mahali ambapo bado anaweza kuulizwa. Tulisimama wote, Gunvor naye na kisu cha keki mkononi. Mchungaji akamwombea Yohana, mume wa Ester, aliyelala leo nyumbani kwake. Akatafuta uso wangu kati ya watu, akasema, "Na Simeoni, kaka wa Elia, ambaye bado tunamtafuta."